Ulimi wa Severa

Ngwa. Ngwa-ngwa. Makaa ya moto yakidondoka juu ya mfuniko wa sufuria ya pilau. Hiyo ndiyo sauti anayoikumbuka Bi Zulekha kila anapoegemea kiti cha hospitali na muuguzi akaanza kuutafuta mshipa. Wengine hufumba macho wakaomba. Yeye huomba pia, kisha husikiliza makaa.

Saratani ya titi ilimkuta akiwa mpishi wa shughuli, na mpishi wa shughuli ndivyo alivyo mpaka leo. Maisha yake Ilala sasa yamegawanyika mafungu mawili. Baada ya kila dripu huja siku za chini, ambazo harufu ya kitunguu kikikaangwa chumba cha tatu humvuruga tumbo. Wapangaji wenzake walishahamishia majiko yao uani, nyuma kabisa, bila kuombwa. Siku hizo hulala ubavu, akanyonya barafu ya ukwaju, akawasikiliza watu wakipita koridoni kwa kunyata. Kisha asubuhi moja huamka na kuona miguu ni yake tena. Ndipo hujifunga mtandio vizuri juu ya kichwa kisicho na unywele, akaenda mdogo mdogo hadi Kariakoo kuchagua bizari. Wauzaji humpa gunia akalie. Hushika mchele, akaubana kati ya vidole, akaurudisha. Hata asiponunua kitu, hurudi nyumbani amefurahi.

Kitu kimoja tu dawa ilimchukulia ambacho hakukitarajia: ulimi. Kila anachokula kina ladha ya msumari. Alilijua hilo Ijumaa moja alipowapikia wanawe, Adamu na wadogo zake. Walikula, wakasifu, na jagi la maji likajazwa, likaisha, likajazwa tena. Bi Zulekha alilitazama lile jagi. Chumvi ilikuwa imezidi, na hakuna aliyesema. Kuonewa huruma ndiko kulikomuuma.

Na harusi ya Badria ilikuwa inakaribia. Badria ni binti wa Shamsa, mdogo wake, na hakuna binti wa ukoo ule aliyeolewa bila pilau ya Bi Zulekha.

"Dada, nimepata mpishi kule Mchafukoge," Shamsa alisema, akiyatazama mazulia. "Wewe njoo ukae na wageni, uvae upendeze."

"Nikikaa na wageni nitaumwa. Nikikaa na sufuria nitaumwa vilevile, ila nitasahau."

"Na chumvi je?"

Bi Zulekha aliukaza mtandio wake. "Chumvi niachie mimi."

Alisema hivyo bila kujua atafanyaje. Jibu lilikuwa chumba cha pili. Severa, jirani yake, Mchaga wa Machame anayeuza soksi Kariakoo, aliingia jioni kumjulia hali, akakuta supu ya nyama jikoni na kijiko kikimsubiri.

"Onja, unambie."

Severa alidondoshea kiganjani, akalamba. Pua yake ikajikunja. "Tamu, mama Adamu. Tamu kabisa."

Bi Zulekha alicheka mpaka akashika ubavu. "Muongo wewe. Pua imekusaliti."

"Si imezidi chumvi kidogo tu?"

"Hapohapo panapotakiwa. Supu ya pilau lazima izidi kidogo, mchele ukiingia utainywa. Kumbe nyie wa ndizi mna kazi."

"Ndizi zetu ziache. Pilau yenu mnakula kwa kujaziana chumvi kama ng'ombe."

Wiki ile nzuri yote walifanya hivyo. Severa alionja, akasema alichotaka kusema, na Bi Zulekha hakusikiliza neno. Alitazama pua.

Siku ya harusi turubai lilifungwa mtaani, vijana wakabeba masufuria, na Bi Zulekha akawekewa kiti upande ambao moshi hauendi. Alikuwa mwembamba ndani ya dera lake jipya, lakini sauti yake iliwafikia wote. Geuza kitunguu. Punguza kuni. Nyama hiyo bado. Wanawake walijipanga pembeni, kila mmoja na wasiwasi wake, na Shamsa mbele yao. Yule mpishi wa Mchafukoge alikuwa ameambiwa akae karibu na simu.

Bi Zulekha alitia chumvi, akamwita Severa. Severa aliona macho yote yale, akajikaza. Akalamba kiganja. Uso wake ukatulia kama maji ya mtungini.

"Imekolea," alisema.

Bi Zulekha alichota konzi nyingine ya chumvi.

"Dada," Shamsa alisema, akimshika mkono. "Si amesema imekolea?"

"Mdomo umesema. Pua bado."

"Watu wote hawa, dada. Ukikosea hatuna cha kuwapa."

"Najua, Shamsa."

Shamsa aliuachia mkono. Chumvi iliingia. Supu ikakorogwa, ikachemka. Severa alionja tena, na safari hii pua yake ilijikunja yenyewe, hata yeye akaishika kwa aibu. Mmoja wa wanawake aliangua kicheko.

"Leteni mchele," Bi Zulekha alisema.

Sinia zilipotoka, hakuna aliyesifu mapema. Watu walikula. Majagi ya maji yalikaa mezani karibu kama yalivyoletwa, na Bi Zulekha alikuwa akiyatazama hayo tu. Kisha wakaanza kuja na sahani tupu, na mjomba wa bwana harusi akaulizia ukoko. Shamsa alipita nyuma ya kiti cha dada yake, akambusu juu ya mtandio.

Severa alileta sahani yake akakaa chini, karibu na goti la mwenzake. Bi Zulekha alichukua tonge dogo, akatafuna taratibu, akameza. Msumari uleule. Alijifuta vidole, akajiegemeza, akamtazama Severa anavyokula, tonge kwa tonge.

"Kula polepole, shoga," alisema kwa sauti ndogo sana. "Unisimulie ilivyo."