Chai ya Lozi ya Mama Mkwe

Rafiki yangu, wewe sikufichi. Kwaresima ile mama mkwe wangu, hapa Iringa, alimwahidi Mungu hatagusa maziwa ya ng'ombe. Nikawa naloweka lozi, nazitwanga, nachuja kwa kitambaa, nampikia chai. Siku moja maziwa ya lozi yakakatika sufuriani. Nikaona aibu, nikamwekea ya ng'ombe.

"Mwanangu, leo lozi zako tamu kweli!" akasema.

Ijumaa Kuu ndiyo nikamwambia kwamba siku ile nilimwekea maziwa ya ng'ombe.

"Basi naanza upya siku zangu zote," akajibu.

Pasaka sisi tulikula pilau, yeye akanywa chai ya rangi. Lozi zangu hakuzitaka tena. Mpaka leo inaniuma. Tafadhali, mwambie na mwenzako anayempikia mtu aliyefunga.