Kaseti Niliyopewa na Fidele

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumapili ya mwaka 2017, tulipotoka ibadani hapa Bellevue, huku ugenini tulikokimbilia, na mwanaume mwenye sare ya ulinzi akaniita kwa jina langu la usichana. Nikageuka. Alikuwa Fidele, mpiga gitaa wetu wa Lubumbashi. Zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimemwona. Kichwa kilikuwa kimejaa mvi, na siku hizo alilinda geti la ghala huko Midrand.

"Odile," akasema, hata salamu hatujamaliza, "ile kaseti bado unayo?"

Nilijua mara moja, mwanangu, ni kaseti gani anayoitaja.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliimba katika bendi yake. Mji mzima ulitaka rumba, yeye akapiga fanki na soul, muziki wa Wamarekani weusi, gitaa likikatakata mpaka mtu aliyeketi anajikuta amesimama. Watu walitucheka. Tulirekodi nyimbo nane, hakuna aliyezitaka, bendi ikavunjika. Fidele akanipa kaseti ya nyimbo hizo nimtunzie, maana paa la kwao lilivuja. Mwaka uliofuata nikaingia kwaya, nikaanza kuuonea aibu muziki ule. Siku tulipokosa kaseti tupu ya kurekodia mazoezi, nikachukua yake. Tukaimba juu yake, upande wa kwanza, kisha wa pili. Sikusita hata kidogo.

Pale nje ya kanisa ningeweza kusema ilipotea njiani. Sisi tuliokimbia vita tumepoteza mengi, nani angebisha? Lakini alikuwa ananitazama.

"Papa Fidele, niliifuta mimi mwenyewe. Nilirekodi kwaya juu yake."

Aliwatazama watu wakitoka uani mpaka wakaisha. Halafu akasema, "Eish, Odile. Mpiga ngoma alikuwa na nakala. Itafute."

Hakusema tuitafute. Alisema itafute. Nami nikaanza.

Mpiga ngoma alikuwa amefariki. Nilipiga simu Lubumbashi, Kolwezi, Kitwe. Wengine walicheka: mama mzima, fundi cherehani, unahangaikia kaseti ya disko? Kila Jumamosi nilipiga tena, miezi saba. Mwishowe dada yake akaniambia binti wa marehemu anasuka nywele Joubert Park, hapahapa mjini kwetu. Joubert Park, mwanangu, ninakokwenda kununua vitambaa!

Binti aliitoa chini ya kitanda, imeviringishwa katika shati la baba yake. Hakuwahi kuisikiliza, hakuwa na redio ya kaseti.

Tulisikiliza watatu chumbani kwangu. Baba yake aliposikika akihesabu kuanzisha wimbo, binti alilia. Vidole vya Fidele vilikuwa vinatembea juu ya paja, vikifuata kila noti. Hakutamka kwamba amenisamehe. Alisema, "Kesho tunaipeleka ikanakiliwe. Nakala nyingi. Moja haitoshi." Leo nyimbo zile zimo katika simu za watu ambao hawakuwa wamezaliwa tulipozirekodi.

Kwa hiyo nakuambia: ulichokabidhiwa kitunze hata siku utakapokuwa hukipendi tena, kwa kuwa si chako. Na ukikiharibu, sema wewe kabla hujaulizwa mara ya pili, kisha fanya kazi ya kukitengeneza bila kungoja kusifiwa.

Mungu akupe mikono inayotunza, mwanangu, na ulimi usioogopa kusema, "Ni mimi." Amina.