Dada wa Kwenye Karatasi ya Mihogo

Juzi nimeuziwa karanga kwenye kipande cha gazeti, nikamkumbuka yule dada wa mbio.

Mama alikuwaga anakaanga mihogo Chang'ombe, anafungia kwa karatasi yoyote. Mchana mmoja, mie bado mdogo, alipata kitabu kinene cha picha za Marekani. Mie Kiingereza sifuri, nikajua ni albamu ya familia moja: huyu anaoa, yule anaimba, babu anazikwa na bendera. Dada yao alikuwa anakimbia mdomo wazi, utepe wa kumalizia uko hatua moja mbele, mwenzake ubavuni. Kashinda nani? Kabla sijafunua, mama akachana ukurasa unaofuata, akamfungia mihogo fundi wa gereji.

Nikamkimbilia. "Shikamoo anko. Naomba hiyo karatasi nimwone dada."

"Marahaba. Dada yupi, wa kwenye muhogo?" Akajifutia mdomo, akaitupa mtaroni. Ikaelea kidogo na mafuta yake ya pilipili, ikazama.

"We mtoto, unalilia karatasi?" mama akaniuliza.

Leo najua kilikuwa kitabu cha matukio ya mwaka mmoja, wala wale si ndugu. Simu ninayo, bando ninalo. Nitamtafutaje, wakati jina lake ninalolijua ni dada tu?