Presha ya Mama Njoki kwa Jina Langu

Hii nikiikumbuka natamani ardhi inimeze, lakini kwa vile mtaa wetu wote wa Noonkopir unajua, afadhali muisikie kwangu.

Tangu hedhi ikatike, joto lilikuwa linanipanda hata nikiwa nimekaa tu (Julai nalowa jasho kanisani, na mnajua baridi ya Kitengela!), mpaka nikapewa vidonge vya homoni, nikapata usingizi tena. Shida ni daktari wangu wa Kajiado. Alisema vidonge hivyo vinaweza kupandisha presha, na yangu ilikuwa imepatikana juu mara mbili, sasa nimletee kipimo kingine kwa kadi ya kliniki, na kikiwa bado kiko juu anisimamishie vidonge. Anisimamishie? Nirudi kwa lile joto? Hapana, jameni.

Jumapili hiyo manesi walikuwa wanapima watu presha uwanjani baada ya ibada. Nikamwambia jirani yangu Mama Njoki, yule mwembamba anayejisifu hajawahi kumeza hata dawa ya kichwa, "Shika kadi yangu, upimwe kwa jina langu." Akacheka, akaenda. Mimi nikajibanza nyuma ya tenti ya chai.

Nesi akapima, akarudia, akabadilisha mkono, halafu akachukua maikrofoni: "Bwana wa Mama Mutua yuko? Presha ya mama iko juu sana!"

Woi! Baba Mutua, mume wangu na mzee wa kanisa, akatoka mbio na suti yake, akasukuma watu, akamkuta Mama Njoki amelazwa kwa benchi. "Huyu si wangu!" akapaaza sauti. "Wangu ni mnene!" Mbele ya pasta!

Ningefanya nini? Mama wa watu ndiye mgonjwa, na barua ya hospitali inaandikwa kwa jina langu. Nikatoka na kikombe mkononi, nikasema ukweli wote, homoni na joto na kila kitu, na ile maikrofoni ilikuwa bado imewashwa.

Daktari alinigombeza, kisha akanipa homoni ya kupaka kwa ngozi, eti hiyo haisumbui presha sana.

"Na mbona hukuniambia mapema?" nikamuuliza.

"Mbona hukuuliza, mama?"

Nimeapa, siku nyingine nitapeleka mkono wangu mwenyewe upimwe. Lakini Mama Njoki, ambaye sasa anameza dawa ya presha kila asubuhi, ameamua mimi ni malaika wake, na kila watu wakipewa nafasi ya ushuhuda kanisani anasimama kuwaeleza wageni vile nilimwokoa, haruki kitu, na mimi nimeketi hapo mbele nasema amina.