Muziki wa Bibi Ulioishia Jiweni

Juzi nilikuwa msibani Ikungi. Vijana wakafungulia spika, yakalia matarumbeta, nami nikatoka nje nikilia. Wenye msiba wakanifuata kunipa pole. Jamani, wala sikuwa namlilia marehemu wao! Nilikuwa namlilia baba yangu.

Enzi za Mwingereza baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni Kilimatinde, na ndiye aliyeongoza bendi ya matarumbeta. Bibi, mama yake, alifariki kwetu Sepuka wakati wa masika. Barabara zilikuwa zimekatika, na baba alifika kaburi limeshaota majani. Hakulia. Mtu asipomlilia mama yake, ndugu yangu, jambo hilo humkaa kooni kama ugali mkavu. Basi akaanza kutunga. Si wimbo wa beti tatu, la! Muziki mrefu wa sehemu nne, wa matarumbeta, ngoma na sisi watoto wa kwaya, wote kwa ajili ya bibi. Alikuwa akipiga mluzi mezani, mlenda unapoa, mpaka mama anamwambia, "Mwalimu, hebu kula kwanza."

Sehemu ya nne ilianza kwa jiwe. Bibi alikuwa akisaga uwele kila alfajiri huku anaimba, na baba alitaka jiwe lile lile lisikike peke yake, kisha matarumbeta yaingie juu yake. Kila kundi alilifundisha mbali na jingine. "Mtayasikia yote siku ya kumbukumbu yake," alisema.

Wa kusaga alikuwa shangazi, dada yake mkubwa. Hapo ndipo baba alipokosea, pamoja na usomi wake wote. Kwetu binti mkubwa ndiye hurithi jiwe la mama yake, na siku anapolisagia mara ya kwanza, ndiyo siku nyumba inakubali kwamba mwenyewe hayupo. Shangazi alikuwa bado. Alikwenda kusaga kwa jirani, na jiwe la bibi alilipangusa tu kila asubuhi. Alipoombwa aliitikia, maana alimpenda mno mdogo wake.

Siku ya kumbukumbu bendi ikaja kwa lori, ua ukajaa. Sehemu tatu zikapigwa, na wazee ambao hawakuwahi kuona tarumbeta wakainamisha vichwa. Kisha baba akamgeukia shangazi, mkono juu. Shangazi akapiga magoti, akamimina uwele, akashika jiwe dogo, lile la juu la kusagia. Akalishika tu. Tukangoja, kuku ndio waliosikika.

"Dada," baba akanong'ona, "saga."

"Siwezi, mdogo wangu. Nikisaga, nimemzika."

Mkono wa baba ukashuka. Akapiga magoti kando yake, na ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya wanafunzi wake wote. Wanabendi wakafuta matarumbeta yao, wakapanda lori.

Hakuupiga tena muziki ule. Shangazi naye alizikwa bila kulisagia jiwe. Wapulizaji wamekwisha, na katika kwaya nzima nimebaki mimi. Sauti yangu naijua mpaka leo, na nikiwa peke yangu huiimba. Lakini usiniulize sehemu ya nne nzima ilikuwaje. Hakuna mtu aliyewahi kuisikia, hata baba.