Waya wa Plagi ya Tatu

Shirika lililomwajiri lilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, Dorkasi alirudi nyumbani na sanduku lake la spana na ovaroli mbili. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke pekee katika karakana ya shirika hilo mjini Dodoma, na hakuwa tayari kuanza upya kwa kuuza vitumbua. Alipata kibanda cha mabati nyuma ya soko la Majengo, akaning'iniza tairi bovu mlangoni kama walivyofanya mafundi wenzake, akaanza kazi.

Miaka hiyo magari yalikuwa yanabadilika. Landrova na Peugeot za zamani zilikuwa na platinamu, kile kidude cha kukatia umeme wa plagi. Injini ikikohoa, unafungua kifuniko cha distributa, unaisugua platinamu kwa msasa, unapima mwanya, inawaka. Sasa yalikuwa yanamiminika magari yaliyokwishatumika Japani. Hayakuwa na platinamu, na chini ya sakafu, katikati ya bomba la ekzosi, yalikuwa na chombo kilichotuna ambacho mafundi walikiita masega, maana ndani yake mna vitundu vingi kama sega la nyuki. Kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka nje. Mafundi wengi walikuwa wakikikata na kukitupa. Dorkasi alikiacha mahali pake, kwa kuwa hakupenda kutupa kitu asichokielewa vizuri.

Kaka yake, Octavian, alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Baba yao alipofariki, Octavian ndiye aliyemsomesha Dorkasi hadi chuo cha ufundi, wakati wajomba wakisema msichana hana haja ya kujua injini. Dorkasi hakulisahau hilo. Kaka akisema jambo, kwake lilikuwa limekwisha.

Mwaka ule uliofuata mvua za El Nino, Octavian alinunua gari lake la kwanza, kijigari cheupe cha Kijapani. Alilipenda kupita kiasi. Ijumaa moja ya mwezi wa nane alilileta kibandani kwa dada yake.

"Halivuti vizuri siku hizi," alisema. "Liangalie haraka haraka."

Dorkasi aliliwasha, akasimama pembeni akisikiliza. Injini ilikuwa inatetemeka, na moshi ulinuka petroli mbichi.

"Kaka, linamisi, silinda moja haiwaki. Waya wa plagi ya tatu umepasuka. Umeme unarukia kwenye injini badala ya kufika kwenye plagi."

"Lakini linatembea."

"Linatembea kwa silinda tatu. Hiyo moja inapokea petroli lakini haiunguzi, inaimwaga kwenye ekzosi. Niachie gari. Waya wa namna hii hapa mjini sijauona, nitaagiza Dar."

"Hadi lini?"

"Wiki moja, labda mbili."

Octavian alicheka. "Jumapili nakwenda kumwona mama. Kijiji kizima kinajua nina gari. Unataka nishuke kwenye treni pale stesheni ya Zuzu na kikapu kichwani?"

Dorkasi alifikiria kumbishia, akaacha. Aliufunga waya kwa utepe mweusi wa umeme, akijua utepe ule ungeyeyuka kwa joto kabla ya kufika mbali. Alidhani hasara yake itakuwa petroli kuliwa ovyo na plagi kuharibika. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Jumatatu asubuhi habari ilifika na Mwantum, mwanamke wa kijijini kwao aliyekuwa akileta karanga sokoni Majengo.

"Dada Dorkasi, kwenu kumeungua," alisema hata kabla ya kutua kapu. "Mama yako mzima. Ila kwa Hilda hakukubaki kitu. Ghala, mtama, zizi, tembe lenyewe. Mikono yake imebabuka, alikuwa anavuta magunia."

Hilda alikuwa mjane, jirani wa mama yao. Mvua zile za El Nino zilikuwa zimeotesha majani hadi begani, na kiangazi kilipoingia yakakauka yakisimama. Moto ulianzia nyuma ya ghala la Hilda, upepo ukausukuma.

"Nani aliuwasha?"

"Matonya, nani mwingine? Alionekana anapita kule nyuma anatoka kwenye mizinga yake, na kienge mkononi. Mama yako ndiye aliyemwona. Wamempeleka ofisi ya kata."

Dorkasi alimjua Matonya tangu utotoni. Alikuwa mzee mpole, mrina asali, asiyeongea sana Kiswahili, na asiyependa kukaa na watu. Kila mrina asali hubeba kienge cha majani ya kufukiza moshi. Dorkasi alisikitika, akamwamini Mwantum, akarudi kazini.

Jioni Octavian akaja na gari, habari ya moto naye ameshaisikia mjini.

"Sasa ndiyo limeharibika kabisa," alisema. "Halina nguvu. Na ndani kunanuka, kama zulia linaungua."

Dorkasi alitandika gunia akajilaza chini ya gari. Bati la kukinga joto lililopaswa kuwa chini ya masega halikuwepo. Huenda liling'oka siku nyingi. Chuma cha masega kilikuwa kimebadilika rangi, buluu na zambarau, kama chuma kilichotoka kwa mhunzi. Kwenye mshono wake palikuwa pamenasa majani makavu, yameungua yakawa meusi. Aliyagusa, yakavunjika vidoleni.

Halafu akauliza bila kutoka, "Kaka, jana uliegesha wapi?"

"Kwa mama, uwanjani."

"Hukusimama mahali pengine?"

"Wakati wa kuondoka nilisimama kidogo nyuma kwa Hilda, nikaongea na vijana. Walitaka kuliona gari."

"Ulizima?"

"Sikuzima. Kwa nini?"

Dorkasi alitoka chini ya gari akajipangusa mikono. Aliliwasha gari, akauchomoa kabisa waya wa plagi ya tatu, akaiacha injini ingurume huku ikitikisika. Baada ya muda alichukua konzi ya majani makavu kutoka pembeni mwa uzio, akainama, akayasogeza hadi yagusane na masega. Moshi ulitoka kwanza, mwembamba. Kisha majani yakawaka mkononi mwake, akayatupa chini na kuyakanyaga.

Octavian aliangalia yote hayo akiwa amesimama.

"Ile petroli isiyoungua kwenye injini," Dorkasi alisema kwa sauti ya chini, "inakwenda kuungulia humu. Masega yanakuwa mekundu kama kaa. Ulisimama kwenye majani, kaka. Ulipoondoka uliacha moto nyuma yako."

"Huna uhakika."

"Umeona mwenyewe."

"Nimeona majani yanawaka. Kila mtu kijijini anajua Matonya alikuwa na moto mkononi." Octavian alikaa kwenye tairi, akakiinamisha kichwa. Alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ile ya kaka mkubwa. "Dorkasi, ofisini wanapunguza watu. Wakisikia nimechoma nyumba ya mjane, nimekwisha. Na mama? Atakaaje pale?"

"Matonya naye?"

"Hawana ushahidi, watamwachia tu. Sikiliza. Jumamosi nitakwenda mwenyewe. Nitamweleza mwenyekiti taratibu, kwa mdomo wangu. Usiseme wewe. Niachie mimi."

Dorkasi alimtazama mtu aliyekuwa akimbebea sanduku la shule hadi stesheni. "Jumamosi," alisema.

"Jumamosi."

Wiki ile hakufanya kazi ya maana. Alifungua kabureta ya mteja akaifunga na kusahau alichokuwa anatafuta. Mara mbili alivaa viatu aende kijijini, mara mbili akavivua. Alijiambia kwamba jambo lile ni la kaka, na kwamba mtu mzima apewe nafasi ya kusema la kwake. Alijiambia pia kwamba Matonya yuko ofisi ya kata, ana paa juu ya kichwa na hakuna wa kumgusa.

Jumamosi Octavian hakwenda. Alituma mtu kusema kuna kikao cha dharura.

Jumatatu Mwantum alikuja sokoni bila karanga. Aliketi kwenye kizingiti cha kibanda akijifuta uso kwa kanga.

"Walimwachia Matonya Ijumaa," alisema. "Hawakuwa na la kumshitaki. Jana watoto wa Hilda, wale vijana wawili, wakamkuta njiani. Wamempiga, dada. Jicho la kushoto limetoka. Yuko hospitali hapa mjini."

Dorkasi aliiweka spana mezani. Akafunga kibanda.

Alikwenda hospitali kwanza. Matonya alikuwa amelala na bandeji imezunguka kichwa, na mkewe ameketi sakafuni. Dorkasi alipiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Dorkasi. Binti wa Yudith."

Yudith ndiye aliyesema alimwona.

"Babu, moto haukuwa wako. Ulitoka kwenye gari la kaka yangu. Mimi ni fundi, nimeliona kwa macho yangu."

"Umeliona lini?"

Swali hilo Dorkasi alikuwa amelitegemea, na hata hivyo lilimkata. "Jumatatu iliyopita, babu."

Mkewe Matonya aliinua kichwa akamtazama. Mzee aliugeuzia uso wake ukutani. "Kienge changu nilikizima kule kule kwenye mizinga," alisema baadaye kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Niliwaambia. Hakuna aliyesikia."

Siku iliyofuata Dorkasi alipanda treni hadi Zuzu, akatembea hadi kijijini. Alimwomba mwenyekiti aite watu. Walikusanyika uwanja wa shule, na Hilda alikuja mikono yake imefungwa vitambaa hadi kwenye viwiko. Dorkasi aliwaeleza bila kuzunguka: waya, petroli, chombo cha chini ya gari, majani. Aliwaambia jina la kaka yake. Aliwaambia pia kwamba yeye mwenyewe aliliruhusu gari liondoke akijua ni bovu, na kwamba alikaa wiki nzima kimya.

Wengine hawakumwelewa. Mzee mmoja aliuliza moto unawezaje kukaa ndani ya chuma bila mtu kuuona, na alipoelezwa akatikisa kichwa. Lakini vijana walioliona gari siku ile walikumbuka joto. Mmoja alisema alihisi miguu inaungua aliposimama karibu, akadhani ni jua. Hapo minong'ono ilianza, na haikumhusu Matonya tena.

Watoto wa Hilda walikuwa wamesimama nyuma. Mkubwa wao alipaza sauti, "Kwa hiyo tulimpiga bure? Wewe ulikuwa wapi?"

Kijana yule aliondoka akikimbia. Baadaye yeye na mdogo wake walichukuliwa na polisi, wakafungwa. Hilda, aliyekuwa amepoteza nyumba na chakula cha mwaka, akabaki peke yake na mikono isiyoweza kushika jembe.

Mkutano ulipovunjika, Dorkasi alikwenda kwa mama yake. Yudith alikuwa ameketi mlangoni. Hakuinuka.

"Kaka yako ndiye aliyekuvisha na kukusomesha," alisema.

"Najua, mama."

"Na mimi umenifanya mwongo mbele ya watu."

"Hukusema uongo, mama. Ulimwona Matonya na kienge. Ulichokiona ulikisema."

"Nilisema ameuwasha. Sikumwona akiuwasha. Nilisema tu." Kisha alianza kulia, na Dorkasi alipomsogelea alimzuia kwa mkono.

Octavian hakufukuzwa kazi kama alivyoogopa. Alihamishiwa Singida, akaliuza gari, na akatuma mabati ya kuezekea nyumba mpya ya Hilda bila kuja mwenyewe. Kwa dada yake hakutuma neno. Sikukuu alikuwa anakuja kumwona mama siku ambazo ana hakika Dorkasi hayupo.

Matonya alihamia Bahi kwa watoto wake wa kike, kwenye majaruba ya mpunga. Mizinga aliiacha ilipo. Dorkasi alikwenda kumtembelea baada ya mavuno. Alimkuta anasuka kamba kivulini. Mzee alimkaribisha kwa heshima, akaamuru apewe maji, akamuuliza habari za mjini na za mvua. Kuhusu jicho hakusema kitu, na Dorkasi alitambua kwamba hatasema kamwe, na kwamba kuja kwake pale kulikuwa kwa ajili yake mwenyewe zaidi kuliko kwa ajili ya mzee. Alikaa hadi jua lilipolegea, wakiongea kwa vipande. Alipoaga, Matonya alisema tu, "Wasalimie," bila kutaja nani.

Kazi aliendelea nayo. Wateja wengine walimkimbia, wakisema fundi yule anashitaki hadi ndugu zake. Waliobaki walizoea ukali wake mpya. Gari likiingia linamisi, alikuwa anachomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwa ovaroli kabla hata ya kusalimiana, na hata mwenye gari apige kelele kiasi gani, yeye alisubiri hadi waya ufike kutoka Dar.

Siku moja ofisa mmoja mwenye gari linalomisi alimwambia ana haraka, mama yake ni mgonjwa Kondoa. Dorkasi alikuwa ameshautia ufunguo mfukoni.

"Panda basi," alimwambia. "Mama yako atakusubiri."

Yule ofisa aliondoka amekasirika. Dorkasi aliketi kwenye kiti chake cha mbao, ufunguo wa mtu mfukoni, na siku nzima hakuwa na amani, akijiuliza kama yule mama wa Kondoa atasubiri kweli.