Miaka Niliyoitwa Tantini

Wakati wa zile vurugu za maandamano nilikuwa karani katika ofisi ya mtaa, Nyakabiga. Asubuhi moja mkuu wetu aliniwekea mezani karatasi mbili zilizoandikwa kwa kalamu, akaniambia nizipige chapa kabla ya saa sita. Yalikuwa majina ya vijana walioandamana. Wengi niliwajua, mmoja ndiye aliyekuwa akinitengenezea pasi kila ilipoharibika. Orodha iliyotangulia niliipiga mimi, na katika waliochukuliwa kwa orodha ile hakuna aliyerudi.

Nilikwenda chooni, nikazichana zile karatasi, nikazitupa shimoni. Kisha nikapita nyumba tatu za vijana hao, nikasema neno moja tu: ondokeni.

Jioni nilikamatwa. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Dada yangu mkubwa alikuja kumchukua, akaenda naye kwake Kinindo. Mimi nilikaa ndani zaidi ya miaka miwili. Ya humo sitayasimulia, ila nilitoka na bega la kulia lisilonyanyuka, na hakuna ofisi iliyotaka kunipokea. Nilipanga chumba Musaga, nikawa nauza unga wa muhogo.

Mtoto hakunijua. Alijificha nyuma ya dada yangu, akamwita mama. Mimi akaniita tantini, kama aitwavyo dada wa mama. Alipoanza kuuliza, tulimwambia nilikuwa nimesafiri kutafuta maisha, kwa sababu mdomo wa mtoto hauna mlango na tulikuwa bado tunaogopa. Basi akakua akijua nilimwacha. Kila Jumapili nilikwenda kumwona, naye alinisalimia kwa adabu, kama mgeni. Njiani nikirudi nilijiuliza: nimeokoa watoto wa wenzangu, wangu nikampoteza?

Mwaka huu ametimiza miaka kumi na tatu. Jumapili moja tulikuwa tunakula mukeke, samaki wa ziwa letu, dada akanitaka nikae karibu na mtoto. Mtoto akasema, bila hasira, "Tantini amezoea kukaa mbali."

Dada akaweka tonge chini. "Apana. Mi nimechoka na huu uongo. Mama yako hakusafiri. Alifungwa." Akamweleza yote, karatasi, shimo, nyumba tatu.

Binti yangu alinitazama begani. "Ndiyo maana hukuwahi kunibeba?"

"Nilijaribu mara moja," nikasema. "Ukalia, nikakuachia."

"Na wale vijana?"

"Mmoja ana duka hapa mjini. Wawili walivuka mpaka. Wengine sijui."

Hapo akapasuka. "Mi nilifikiri ulinichoka! Miaka yote hii! We ungeniambia!"

Alilia kwa hasira, akasukuma sahani. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mtu hamkasirikii mgeni namna ile.

Hajahamia kwangu. Anapenda chumba chake Kinindo, na dada bado ndiye mama, nami sioni wivu. Yeye ndiye aliyemlea. Ile miaka hairudi. Mimi bado hajanipatia jina, mara nyingi ananiita "we" tu.

Lakini juzi alikuja Musaga peke yake kutoka shuleni. Tuligombana kuhusu nywele zake, akala sahani mbili za maharage, akajitupa kitandani kwangu na viatu miguuni, usingizi ukamchukua. Nikakaa ukingoni, nikamfungua kamba za viatu kwa mkono wa kushoto, polepole, sina haraka ya kwenda popote.